Sura ya Tisa: Matone ya Watu Sita

Mpelelezi aliyeitwa Taratibu alifika kliniki saa mbili na nusu asubuhi, akamkuta muuguzi ameshakaa mezani anamsubiri, daftari limefunguliwa mbele yake kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Jina hilo la Taratibu alipewa na wenzake kituoni kwa kejeli, maana alikuwa anaweza kusoma ukurasa mmoja wa maelezo mpaka chai ikapoa, akaagiza nyingine nayo ikapoa. Hakuwahi kulikataa. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilimfundisha kwamba wanaokimbilia kufunga faili ndio hao hao wanaoitwa mahakamani kulifungua tena.

Leo lakini hakuwa na nafasi ya kupoza chai. Mkuu wake alimpa mpaka saa kumi jioni. Saa hiyo dada wa mgonjwa aliyekufa angekuja kusaini malalamiko rasmi, na akishasaini tu, muuguzi huyu angelala mahabusu kwa uzembe uliosababisha kifo. Ni mama wa miaka hamsini na mitatu, amebakiza miwili astaafu, na katika utumishi wake wote hajawahi kuandikiwa hata barua ya onyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kliniki ilikuwa inafanya utafiti kwa watu walionaswa na kokeini. Kila mgonjwa alipewa chupa ndogo ya kahawia yenye mafuta, anadondosha matone chini ya ulimi asubuhi na jioni. Nusu ya chupa zilikuwa na kiini kinachotolewa kwenye mmea wa bangi. Si kile kinacholewesha, ni ndugu yake asiyelevya. Nusu nyingine zilikuwa mafuta matupu. Zote zilitiwa mnanaa ili ladha isimfichulie mtu. Nani anatumia nini, mgonjwa hakujua, muuguzi hakujua, hata daktari mwenyewe hakujua. Siri ilikaa kwenye bahasha zilizofungwa, moja kwa kila namba.

Namba kumi na nne alikuwa dereva wa malori. Alianza na vidonge vya kumfanya asisinzie njiani, akaishia kwenye unga wa kuvuta puani, akapoteza leseni, mke na meno mawili ya mbele. Wiki tisa alikaa kliniki bila kugusa kitu. Jumanne ya wiki iliyopita aliomba ruhusa aende yadi ya malori kufuatilia barua ya kurudi kazini. Mchana akakutwa ndani ya lori bovu, amelaza kichwa kwenye usukani, amekufa. Damu yake ilikuwa na kokeini, kipimo kile kile alichozoea zamani, na moyo uliopumzika wiki tisa haukukiweza.

Hapo faili lingefungwa. Ila daktari aliyepasua maiti alikuta kitu cha pili kwenye damu, kile kiini cha bangi, na bahasha ya namba kumi na nne ilipofunguliwa ilisema amepangiwa mafuta matupu. Kwa hiyo kuna mtu alimpa dawa isiyo yake. Na ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa mmoja tu, umening'inia shingoni kwa muuguzi.

Taratibu alivuta kiti. Alimwomba muuguzi amweleze kazi yake ya Ijumaa, siku ya kugawa chupa, hatua kwa hatua, kama anamfundisha mwanafunzi. Muuguzi akaeleza. Ijumaa saa nane anawaita wagonjwa mmoja mmoja. Mgonjwa anarudisha chupa tupu ya wiki iliyopita, anapewa nyingine yenye namba yake, anasaini. Chupa anakaa nayo mwenyewe chumbani. Kila asubuhi muuguzi anapita na rula, anapima mafuta yameshuka kiasi gani. Yakishuka kupita kawaida, au yasiposhuka, anaandika.

"Na ya namba kumi na nne?"

"Yalishuka sawasawa siku zote. Angalia mwenyewe, afande."

Aliangalia. Ukurasa baada ya ukurasa, tarakimu ndogo zilizonyooka kama mshono wa cherehani. Mpaka wiki ya saba. Pale, kwenye safu ya namba kumi na nne, palikuwa na maneno yamekatwa kwa mistari miwili, na pembeni herufi za kwanza za jina la muuguzi. Huo ndio ukurasa ambao mkuu wa Taratibu aliupiga picha na kuutembeza ofisi nzima akisema mchezo umekwisha.

"Hapa ulikata nini?"

Muuguzi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sare yake, ingawa haikuwa na uchafu. Alisema wiki ile kuna mgonjwa alikuja bila chupa tupu, akasema imemponyoka kwenye sinki ikavunjika. Yeye akaandika imevunjika, lakini kwa haraka akaiandika kwenye safu ya kumi na nne. Alipogundua akakata, akahamishia panapohusika.

"Panapohusika ni wapi?"

"Kumi na tisa. Kinyozi. Wako chumba kimoja."

"Vipande vya chupa uliviona?"

Muuguzi akatikisa kichwa. Hakuviona. Kinyozi alisema ameshavitupa asije mtu akajikata, na yeye akamwamini, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima na kila Jumapili aliwanyoa wenzake wote bure. Halafu akairudisha miwani usoni. Alisema marehemu alikuwa akimwita Mama Rula. Kila asubuhi akimwona mlangoni anasimama wima na kusema yeye mwenyewe hajapungua. Alisema akipelekwa ndani ataenda, lakini wasiseme alimpa yule kijana kitu cha kumdhuru, hilo hataliweza.

Taratibu alifunga daftari, akaomba kuonana na daktari.

Daktari mkuu wa utafiti alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi za mapema, na ofisi yake ilijaa makaratasi mpaka ikambidi mgeni ashikilie mafaili mapajani ili apate pa kukaa. Hakuzungumza kama mtu anayejitetea. Alizungumza kama mtu aliyefiwa.

Taratibu alimwomba amweleze dawa hiyo inafanya nini, kwa lugha ya mtu aliyeacha sayansi darasa la nane. Daktari alichukua kalamu, akachora duara kwenye bahasha ya zamani, likawa ubongo. Kokeini, alisema, inafurisha kemikali iitwayo dopamini, ile inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Ikifurika mara nyingi, ubongo unajifunza vibaya. Mtu anaacha, anakaa miezi, halafu siku moja anapita mahali alipokuwa akivutia, ananusa dizeli tu, au anaona kiti alichokuwa akikalia, na ubongo unapiga kengele kana kwamba nyumba inaungua. Kiini kile cha bangi, kwa panya, kilionekana kuipunguza sauti ya kengele hiyo. Panya waliodungwa nacho hawakuhangaika sana kuutafuta unga. Kiligusa pia sehemu za ubongo zinazobeba hofu na kukosa usingizi.

"Na kwa watu?"

"Kwa watu hatujui. Wapo waliosema kinasaidia, wapo waliopima wasione tofauti yoyote. Ndiyo maana ya bahasha zote hizi. Nilitaka jibu moja la kweli, liwe zuri au baya."

"Kingeweza kumuua?"

"Kwa kipimo kile, siamini. Kilichomuua ni kokeini. Lakini mkuu wako ameniambia mtu aliyepewa dawa isiyo yake akifa, lazima mtu ajibu. Na kwa hilo sina cha kubisha."

Taratibu aliuliza kama kulikuwa na damu ya wagonjwa iliyowahi kupimwa kabla ya kifo. Daktari akasema ndiyo, kila baada ya wiki mbili, Jumatatu, na mara ya mwisho ilikuwa siku moja kabla dereva hajafa. Majibu yako kwenye faili la maabara, limefungwa. Halifunguliwi mpaka wiki ya ishirini na nne, mgonjwa wa mwisho amalize.

"Lifungue."

Daktari alimtazama. Alisema akifungua bahasha moja ya mtu aliyekufa, utafiti unaweza kuvumilia. Akifungua damu ya wote, atajua nani anatumia nini, na akishajua, utafiti umekufa. Miaka minne ya kuomba vibali. Wagonjwa arobaini walioingia kwa imani. Hakuna atakayempa nafasi ya pili, si kwa mmea wenye jina lile.

"Saa kumi yule mama anaingia mahabusu," Taratibu alisema. "Mimi sina kitu kingine cha kumtolea."

Daktari alikaa na mikono imefunika uso kwa muda ambao Taratibu aliuona mrefu, na yeye alikuwa bingwa wa kusubiri. Kisha akavuta kompyuta karibu, akaandika neno la siri, na akaanza kulia kabla hata ukurasa haujafunguka. Aliendelea kufanya kazi huku analia. Alichapisha karatasi mbili, moja ya chumba cha wanawake, nyingine ya chumba namba mbili, walimolala wanaume sita akiwemo dereva.

Taratibu alianza na wanawake. Palikuwa na aina mbili tu za watu. Wengine kipimo cha kile kiini kwenye damu yao kilikuwa sitini au karibu yake, wengine kilikuwa sifuri. Dawa na mafuta matupu, hakuna katikati. Akageukia chumba namba mbili. Wiki ya kwanza ilikuwa vilevile, watatu sitini, watatu sifuri. Lakini wiki ya tatu mambo yalibadilika. Ishirini na tisa, thelathini na moja, thelathini, thelathini na mbili, ishirini na nane, thelathini. Wiki ya tano hivyo hivyo, na ya saba pia.

"Amechanganya chupa," daktari alinong'ona. "Masikini, kumbe kweli alichanganya."

"Hapana. Mtu akichanganya chupa, aliyestahili sitini anapata sifuri, na aliyestahili sifuri anapata sitini. Hapa kila mtu ana nusu. Nusu inatoka wapi, Daktari?"

Daktari aliisoma tena karatasi kuanzia juu.

"Chukua chupa sita. Tatu zina dawa, tatu hazina. Zimimine zote kwenye chombo kimoja, tikisa, halafu jaza tena chupa zako sita. Kila moja itakuwa na nusu. Rula ya muuguzi haitaona kitu, mafuta ni yale yale na yanashuka vile vile."

Daktari aliweka mkono mdomoni. Katika miaka yote aliyosomea namna ya kulinda utafiti, alifundishwa kuwaogopa wagonjwa wanaotupa dawa, wanaouza, wanaodanganya. Hakuna kitabu kilichomwambia aogope wagonjwa wanaogawana.

Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, wa Jumatatu ya wiki ya tisa. Taratibu aliusoma mara tatu. Watu watano walikuwa wameshuka mpaka ishirini hivi. Wa sita alikuwa amepanda, hamsini na tisa. Alifuata mstari kwa kidole mpaka kwenye namba. Ilikuwa kumi na tisa.

Chumba namba mbili kilikuwa na vitanda sita, kimoja kimekunjwa godoro. Wagonjwa walikuwa nje wakipiga deki veranda, na Taratibu alikuwa na ruhusa ya kupekua. Hakupekua sana. Kwenye meza ya pamoja palikuwa na chupa mbili za chai. Alifungua ya kwanza, ikatoa mvuke na harufu ya tangawizi. Alifungua ya pili, akapitisha kidole ndani ya shingo yake, na kidole kikatoka kinateleza na kunukia mnanaa. Akaifunga akairudisha pale pale.

Alimkuta Kinyozi chini ya ngazi anakamua kitambaa cha deki. Alikuwa na miaka thelathini na tano hivi, kucha safi, nywele zimechongwa kwa ustadi wa mtu mwenye vioo viwili. Taratibu alikaa kwenye ngazi, akamwomba na yeye akae. Hakumtisha. Alimwonyesha karatasi ya maabara na kumweleza inasomwaje, kama daktari alivyomweleza yeye ubongo.

Mwanzoni Kinyozi alijaribu kupiga chenga. Alisema labda damu yake ni nzito. Alisema labda mashine za maabara zimekosea, watu wanakosea. Taratibu alimwacha amalize yote.

"Chupa ya wiki ya saba haikuvunjika," alimwambia kisha. "Iko wapi?"

Kinyozi alitazama ndoo. "Iko kwenye soksi. Chini ya godoro langu."

Baada ya hapo maneno yalimwagika yenyewe. Wazo la kugawana lilikuwa la dereva. Wiki ya kwanza wengine walilala fofofo, wengine walikesha wanahesabu mabati, na kila mtu akaanza kumtazama mwenzake kwa jicho la husuda, nani amepata, nani amekosa. Chumba kikawa hakikaliki. Ndipo dereva akasimama katikati, akasema wao wote sita wamezama shimo moja na haiwezekani watatu wapewe kamba na watatu wapewe picha ya kamba. Toka siku hiyo kila Ijumaa jioni walimimina chupa zao kwenye chupa ya chai, dereva akatikisa, dereva akagawa. Alikuwa na mkono usiotetemeka hata kidogo. Na kweli walilala wote, au walijiona wanalala.

"Halafu?"

Halafu ikaja barua ya mahakama. Kinyozi alikuwa na binti wa miaka sita anayeishi kwa bibi yake. Hakimu alisema akienda na mkojo safi, usio na unga, siku ya kesi, mtoto atarudi kwake. Akiwa na chembe moja, mtoto anabaki kwa bibi mpaka atakapokuwa mkubwa wa kuchagua mwenyewe. Kinyozi alikumbuka alivyolala wiki ile ya kwanza kabla ya kugawana, akajishawishi kwamba yake ndiyo dawa ya kweli. Alidanganya kwamba chupa tupu imevunjika, akaificha, akaijaza mafuta ya alizeti ya jikoni. Ijumaa mbili mfululizo alimimina hayo kwenye chupa ya chai, na dawa yake akainywa peke yake, mlango wa choo umefungwa.

"Nilisema ni wiki mbili tu," alisema. "Nilisema hawatajua."

Taratibu aliandika yote, taratibu, akimsomea kila sentensi. Alipomaliza alimwambia ukweli kuhusu sheria, kwamba hajui kama kuna kifungu kinachomkataza mtu kunywa dawa yake mwenyewe. Kinyozi hakuonekana kupata nafuu yoyote. Aliomba jambo moja, kwamba dada wa marehemu akija, amwambie yeye kwa mdomo wake.

Dada alifika saa tisa na robo, mapema kuliko alivyotakiwa. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mrefu, amevaa nguo nyeusi aliyoishona mwenyewe usiku wa msiba. Ndiye aliyemlea dereva baada ya wazazi kufa, ndiye aliyemshika mkono na kumleta kliniki, na ndiye aliyesaini fomu ya kukubali utafiti akiwa ndugu wa karibu. Hilo lilikuwa linamla. Alipokuwa akimtaja muuguzi alisema yule mama, na taya ilimkaza.

Taratibu aliwakutanisha ofisini kwa daktari: dada, daktari, muuguzi kando ya mlango, na Kinyozi amesimama katikati maana viti vilijaa mafaili. Alieleza mwenyewe habari ya chupa ya chai na nusu kwa nusu, kwa ufupi, akahakikisha dada ameelewa kwamba muuguzi hakukosea hata tone moja. Kisha akampa nafasi Kinyozi.

Kinyozi alisema alichofanya. Alikisema chote, hata cha mlango wa choo. Hakuna aliyemwambia akae.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Halafu akamgeukia daktari.

"Matone aliyomnyima. Yangemzuia mdogo wangu?"

"Sijui, dada yangu."

"Wewe ndiye daktari."

"Mimi ndiye daktari na sijui. Labda yangempunguzia ile kiu alipofika yadi. Labda asingeona tofauti yoyote. Kama kila mtu angetumia chupa yake, mwakani ningekuja kwako na jibu mkononi. Sasa jibu halipo tena. Si kwa mdogo wako, si kwa yeyote." Alifuta uso kwa kiganja. "Na siwezi hata kuwakasirikia. Walihurumiana."

Hapo dada alilia, kwa sauti ya chini, huku ameshika tama, na muuguzi aliyekuja kushitakiwa akaondoka mlangoni akapiga magoti kando ya kiti chake. Dada hakumsukuma. Taratibu alitazama nje ya dirisha. Alikuwa ameona vilio vingi katika kazi yake, na hajawahi kujifunza mahali pa kuweka macho.

Walipotulia, Taratibu alitoa fomu ya malalamiko, akaiweka juu ya mafaili. Alimweleza dada kwamba jina la muuguzi linaweza kufutwa. Panaweza kuandikwa jina lingine, la huyu aliyesimama hapa, na wakubwa wataamua kama kuna kosa. Au pasiandikwe kitu. Ni haki yake, na muda bado upo.

Dada alichukua kalamu. Alikata jina la muuguzi kwa mstari ulionyooka. Mkono ukabaki juu ya nafasi iliyo wazi.

"Nikuulize," alimwambia Kinyozi. "Alijua?"

Taratibu aliinua kichwa, kwa sababu swali hilo hakuwa amelifikiria, naye akajiona mzembe kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Jibu," dada alisema.

"Alijua. Ijumaa ile ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina, na yangu hayakuwa na mnanaa. Aliinusa chupa, akanitazama. Nikajua nimekwisha, atanisema mbele ya wote." Alionyesha kwa mkono, kama mtu anayemimina. "Akamimina. Akatikisa kama kawaida, akawagawia. Baadaye tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia, mchukue kwanza mtoto. Ukishampata, urudi kwenye chungu chetu."

"Alisema hivyo."

"Hivyo hivyo. Na Ijumaa ya pili pia akanifichia."

Dada alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayerudia maneno ili asiyasahau. Alipoyafumbua aliirudisha kalamu kwa Taratibu, na nafasi kwenye fomu ilikuwa bado nyeupe.

"Kesi ya mtoto ni lini?"

"Kesho saa tatu."

"Leo umepata matone?"

Kinyozi alimtazama daktari. Daktari akajibu kwa niaba yake kwamba utafiti umefungwa tangu saa sita, na chupa zote zimekusanywa. Hakuna mgonjwa aliyepata kitu, na hakuna atakayepata.

"Kwa hiyo usiku huu yuko hivi hivi."

"Yuko hivi hivi."

Dada alisimama, akanyoosha nguo yake nyeusi, akamkaribia Kinyozi mpaka wakawa uso kwa uso. Alikuwa mrefu kuliko yeye. Muuguzi alifikiri atampiga kofi, na Taratibu naye alifikiri hivyo, akapiga hatua moja.

"Nitakupitia saa mbili asubuhi," dada alisema. "Tutaenda wote kwa hakimu. Na kabla hatujaondoka nitakutazama machoni, nami nitajua kama umegusa unga. Nimeishi na mmoja wenu miaka kumi na mmoja."